Wiki ya kazi Gobabeb: jibu kwa mwanafunzi kutoka Marsabit

Swali: "Shikamoo Daktari. Ninasoma sayansi ya mazingira, mwaka wa tatu, na kwetu ni Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Nataka kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika taasisi ya utafiti wa jangwa ya Gobabeb, Namibia. Je, wiki ya kazi huko ikoje hasa? Mjomba wangu anasema nitakwenda kuhesabu wadudu, na kwamba jangwa hata nyumbani lipo. Unanishauri nini?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na mjomba wako, maana nusu ya maneno yake ni kweli. Wadudu utawahesabu, tena asubuhi na mapema, na siku nyingine utarudi na daftari lililojaa sifuri. Jambo ambalo hajaelezwa ni kwa nini watu wazima wenye shahada zao wameendelea kuwahesabu mahali palepale kwa miongo kadhaa. Ukilielewa hilo, umeielewa taasisi yenyewe, na utaweza kuamua mwenyewe kama inakufaa.

Gobabeb iko ukingoni mwa mto Kuiseb, ndani ya hifadhi ya Namib-Naukluft, yapata kilomita 60 kutoka bahari ya Atlantiki. Aliyeianzisha mwaka 1962 ni Charles Koch, Mwaustria aliyekuwa bingwa wa mbawakawa, na eneo lile alilichagua kwa akili. Kusini mwa mto kuna bahari ya mchanga, matuta marefu yenye rangi ya kutu, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2013. Kaskazini kuna uwanda wa changarawe, tambarare hadi macho yanachoka. Katikati unapita mto wenyewe, ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mkavu uliopangwa miti mikubwa pande zote mbili. Hizo ni nchi tatu tofauti, na unaweza kuzikanyaga zote kabla chai haijapoa. Koch alipofariki mwaka 1970, kazi ilishikwa na Mary Seely, mwanasayansi aliyelitumikia jangwa hilo la Namib maisha yake yote ya kazi, na ndiye aliyechangia zaidi kukifanya kituo kiwe pia shule ya vijana wa Kusini mwa Afrika.

Sasa wiki yenyewe. Ratiba hubadilika kufuatana na wageni waliopo na utafiti unaoendelea, lakini kuna kazi ambazo hazibadiliki, na hizo ndizo uti wa mgongo wa kituo. Mojawapo ni mitego ya shimo. Kikombe cha plastiki hufukiwa mchangani hadi mdomo wake ulingane sawasawa na uso wa ardhi. Mdudu anayepita hutumbukia, na ukuta laini humzuia kupanda. Unafika alfajiri, kabla jua halijawa kali, unapiga magoti, unachungulia ndani kwanza (nge huingia pia, kwa hiyo kidole hakitangulii), kisha unamtoa mmoja mmoja. Unamtambua kwa umbo la mgongo, urefu wa miguu na rangi ya mabawa magumu. Onymacris plana, kwa mfano, dume lake ni bapa kama sahani na lina miguu mirefu. Ukiliachia hutimka juu ya tuta kwa kasi ambayo hutaitegemea kwa mdudu. Unaandika spishi, idadi, namba ya mtego, unamwachia, unapangusa mdomo wa kikombe mchanga usije ukatengeneza ngazi, unasonga mbele. Ukichelewa hadi saa nne au saa tano, waliomo ndani wanaweza kufa kwa joto, kwa sababu uso wa mchanga wakati wa kiangazi hupita nyuzi 60. Ndiyo maana kazi ya nje inaanza mapema, na mtu wa kulala hadi jua lichomoze atateseka pale.

Kwa nini kazi hii irudiwe wiki baada ya wiki? Kwa sababu katika jangwa la namna hii mambo makubwa hutokea mara chache sana, na hayapigi hodi. Wastani wa mvua Gobabeb ni takriban milimita 25 kwa mwaka, lakini wastani huo unadanganya: miaka mingi hupita karibu bila kitu, kisha unakuja mwaka kama 1976, mvua ikazidi milimita 100. Nyasi zikaota mahali ambapo watu walizoea kuona mchanga mtupu, na mbawakawa wakaongezeka kwa wingi. Waliokuwa pale waliweza kusema ongezeko lilikuwa la kiasi gani kwa sababu tu walikuwa wamehesabu pia katika miaka ya ukame, pale ambapo hakuna aliyeona maana ya kuhesabu. Nyasi za mwaka mmoja zikinyauka, upepo huzisagasaga na kuzirundika chini ya matuta, na mabaki hayo huwalisha wadudu kwa miaka kadhaa baadaye. Mtafiti anayekuja kwa mwezi mmoja na kuondoka hawezi kuyaona hayo. Atakuta wadudu wengi au wachache, naye atabuni sababu.

Kwa hiyo ukiandika sifuri, iandike kwa mwandiko unaosomeka. Nasema hivi kwa dhati. Nimewaona wanagenzi wazuri wakiacha nafasi wazi kwenye daftari kwa sababu "hakukuwa na kitu", na baada ya miaka mitano hakuna anayejua kama nafasi ile ina maana kwamba mtego ulikuwa mtupu au kwamba hakuna aliyekwenda kuuangalia. Hayo ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa.

Kazi ya pili isiyobadilika ni ukungu. Mkondo baridi wa Benguela hupita pwani ya Namibia, hewa ya bahari inapoa juu yake, na usiku mawingu ya chini husukumwa nchi kavu mpaka yanagusa ardhi. Hapo Gobabeb ukungu ni wa kutegemewa kuliko mvua, na ukipima maji yanayodondoka kutokana nao kwa mwaka, yanakaribia milimita 30. Kuna vituo vya hali ya hewa vilivyosambazwa kuanzia pwani kuelekea bara, navyo vinahitaji mtu wa kuvitembelea: kufuta vumbi kwenye vihisi, kukagua betri na nyaya, kuhamisha data, kuangalia kama ndege amejenga kiota mahali pasipofaa. Kazi hii haina sifa yoyote, na ndiyo inayoharibika kwanza fedha zikipungua. Karibu na kituo, kwenye uwanda wa changarawe, kuna pia mlingoti wenye vifaa vinavyopima mwanga unaorudi kutoka ardhini, ili satelaiti zinazoitazama dunia zijue kama macho yao bado yanaona sawasawa. Uwanda umechaguliwa kwa sababu rangi yake haibadilikibadiliki na anga lake huwa safi. Picha za satelaiti utakazotumia darasani kutazama malisho ya Marsabit zinategemea, kwa sehemu, vipimo vya mahali kama pale.

Ukiwa na bahati, asubuhi ya ukungu utamwona Onymacris unguicularis. Mdudu huyu kwa kawaida hutembea mchana, lakini ukungu ukishuka hutoka mchangani kwenye baridi, anapanda hadi ukingo wa juu wa tuta, anageukia upepo unakotoka, anainamisha kichwa na kuinua sehemu ya nyuma. Matone hujikusanya mgongoni, yanateremka, yanafika mdomoni. Mtafiti Hamilton pamoja na Mary Seely walilieleza jambo hilo mwaka 1976, na walikuta kwamba kwa kikao kimoja mdudu anaweza kuongeza hadi theluthi moja ya uzito wake kwa maji peke yake. Mwaka huohuo wakaeleza jamaa yake mwingine, Lepidochora, ambaye hachuchumai bali huchimba mfereji mdogo juu ya tuta. Kingo za mfereji hunasa ukungu kuliko mchanga wa kawaida, naye hurudi na kunyonya unyevu huo.

Hadithi hii ina sehemu ya pili ambayo kila mwanafunzi anayetaka kwenda jangwani anapaswa kuijua. Mwaka 2001 ilitoka makala iliyosomwa dunia nzima, ikisema kwamba siri ya mbawakawa wa Namib iko kwenye vinundu vya mgongoni, na mdudu aliyetajwa alikuwa Stenocara. Wahandisi wakaichangamkia, wakaanza kubuni vitambaa na bati zenye vinundu. Watu wa Gobabeb waliposoma walishangaa, kwa sababu Stenocara hawajawahi kumwona akiinama kwenye ukungu, na anayeinama kwa hakika, Onymacris unguicularis, hana vinundu hivyo. Mgongo wake una mifereji tu. Ikabainika kwamba hata mdudu wa kwenye makala alikuwa ametambuliwa vibaya. Mwaka 2010 wachunguzi wengine wakawaweka aina nne za mbawakawa kwenye ukungu wa kutengenezwa: ni mmoja tu aliyechukua mkao ule, yule wa Hamilton na Seely, na vinundu havikuonyesha faida juu ya mgongo laini. Hata hivyo ukiuliza mtandaoni leo, utaambiwa habari za vinundu. Mwambie mjomba kwamba kuhesabu wadudu ndiko kulikowawezesha watu fulani kusimama na kusema, "Samahani, huyo siye."

Kazi nyingine nitazipitia haraka. Kuna Welwitschia, mmea wa majani mawili tu maisha yake yote, ambao baadhi yake wanakadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,000. Tangu mwaka 1985 mimea kadhaa kaskazini mwa kituo imekuwa ikipimwa urefu wa majani mara kwa mara; jani hukua chini ya nusu milimita kwa siku, kwa hiyo unatia alama, unapima, unaandika, unaondoka. Kuna kupokea makundi ya wanafunzi wa shule na kuwatembeza. Kuna siku nzima za kuingiza data kwenye kompyuta na kuzikagua. Kuna kufua, kupika, kusafisha. Duka hakuna, mahitaji hutoka Walvis Bay au Swakopmund, miji ya pwani, kwa barabara ya changarawe, basi orodha ya vitu vyako iandike kwa makini. Chukua sweta nzito. Watu wa kwetu husikia jangwa wakafungasha nguo nyepesi, kisha ukungu wa alfajiri unawafundisha adabu.

Lakini ningependa wiki yako uitumie zaidi mtoni, maana hapo ndipo utakapoona kitu cha kwenu. Kuiseb ni laga, yaani mto wa msimu, mwanangu, kama laga unazozijua wewe, ila ni kubwa. Chanzo chake ni nyanda za juu za Khomas karibu na Windhoek, ambako mvua hunyesha ya kutosha kiasi. Mafuriko hufika Gobabeb huku anga ni jeupe na hakuna tone lililodondoka pale. Miaka mingine hayafiki kabisa, na ni mara chache sana mto huu hupenya hadi baharini. Pamoja na uchache wake, maji hayo yanafanya kazi mbili kubwa. Kwanza yanafagia mchanga. Upepo unasukuma matuta kuelekea kaskazini, lakini yanaishia kwenye mto, kwa sababu kila mafuriko huubeba mchanga ulioingia kwenye mkondo. Ndiyo maana ukisimama ukingoni unaona matuta upande mmoja na changarawe upande wa pili. Pili, maji hujaza akiba ya chini ya ardhi, na akiba hiyo ndiyo inayoinywesha miti: mgunga wa Faidherbia albida, ambao nasi tunao, na miti mingine yenye mizizi mirefu.

Akiba hiyohiyo ndiyo maisha ya Watopnaar, jamii ya wafugaji na wavunaji inayoishi katika vijiji vidogo kando ya Kuiseb tangu zamani. Wanafuga mbuzi, ambao hula maganda ya mgunga yakianguka, na wanavuna !nara, tikiti la porini linaloota kwenye matuta madogo karibu na mto. Mmea wake hauna majani, ni miiba mitupu ya kijani, na mzizi wake huteremka makumi ya mita kutafuta maji. Nyama ya tikiti huchemshwa, mbegu hutenganishwa, hukaushwa na kuliwa au kuuzwa. Sasa, sehemu ya chini ya Kuiseb pia ndiko kunakochotwa maji ya Walvis Bay, mji wa bandari, na huko juu kuna wakulima wenye mabwawa. Kwa hiyo swali la kisayansi "maji yamefika kina gani wiki hii?" ni pia swali la nani atakosa. Utakapoteremsha kamba ya kupimia kisimani na kusikia inagusa maji, hiyo namba ina wenyewe.

Miaka ya 1990 watafiti walijaribu pamoja na vijiji hivyo kutumia nyavu za kunasa ukungu, kwa kuwa maji ya visima vya pale yana chumvi. Maji ya ukungu yalikuwa safi, na kuyachanganya na ya kisima kulipunguza chumvi. Ugumu ulikuwa mwingine, ule unaoujua: nyavu hupasuka kwa upepo, nguzo hulegea, na lazima awepo mtu wa kijijini mwenye zana, ujuzi na sababu ya kutengeneza. Mimi naona somo la matengenezo ni kubwa kuliko somo la ukungu, na ukienda uulizie habari hizo kwa wazee wa vijiji wenyewe. Nenda kwa heshima, upitie kwa wanaohusika, wala usipige picha kabla hujaomba.

Hapo nafika kwa ile nusu ya pili ya mjomba, kwamba jangwa nyumbani lipo. Lipo, na silo lile. Chalbi, jangwa la kwenu, haina ukungu wa bahari. Mvua zenu huja kwa misimu miwili, zikikosa zinakosa kweli. Na ardhi yenu inabeba ngamia, ng'ombe, mbuzi na watu wengi kuliko Namib. Ukitarajia kurudi na jibu la tatizo la malisho, hutarudi nalo. Utakachorudi nacho ni mbinu na nidhamu. Mlima Marsabit unafunikwa na ukungu, na msitu ule unakamata unyevu ambao mji ulio chini yake unauhitaji: nani anaupima kila wiki, kwa vifaa vilevile, mahali palepale? Mathenge, mti wa kigeni wenye miiba, inazidi kuzivamia nchi zetu kavu, na mti wa jamii hiyohiyo wanapambana nao kwenye mito mikavu ya Namibia, utajifunza wanavyoufuatilia.

Tena nyumbani kulikuwa na mwanzo mzuri. Mwaka 1976, mwaka uleule wa mvua kubwa ya Gobabeb, UNESCO na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, walianzisha mradi wa pamoja wa nchi kame huko kwenu, uliofanya kazi Marsabit, Mlima Kulal, Kargi na Korr. Walipima mimea, mifugo, visima, miti ya kuni, maisha ya wafugaji Warendille, kuhamahama kwao na kutulia kwao. Ripoti zao bado ni hazina. Mradi ukaisha katika miaka ya 1980, kama miradi inavyoisha, na kituo kikaendelea chini ya utafiti wa kilimo wa taifa. Fikiria tungekuwa na vipimo vya malisho ya Kargi vya kila mwezi, bila kukatika, kutoka wakati ule hadi leo, vikiwemo vya miaka ya ukame mkali. Tofauti ya Gobabeb na sehemu nyingi za bara letu si majengo, ambayo ni ya kawaida kabisa. Ni kwamba kuna mtu aliyekwenda kwenye mitego wiki iliyopita, na kuna atakayekwenda wiki ijayo.

Kwa hiyo ushauri wangu: ikiwa moyo wako uko kwenye mifugo na wafugaji, usiende Gobabeb kwanza. Baki nyumbani, tafuta nafasi kwa watafiti wa mifugo Marsabit au Nairobi, utafaidika zaidi na nauli utaiokoa. Ikiwa kinachokuvuta ni maji, ukungu, mimea au jinsi ya kufuatilia ardhi kwa muda mrefu, omba, na omba kwa bidii.

Katika barua ya maombi usiandike kwamba unapenda mazingira; kila mtu anaandika hivyo. Andika umetoka nchi kame, taja laga moja unayoijua kwa jina, eleza ulichokiona kikibadilika na ambacho ungetaka kukipima. Uliza mapema nani atakusimamia, data utakazokusanya zitahifadhiwa wapi, na kama utaruhusiwa kuondoka na nakala kwa ajili ya ripoti yako ya chuo. Uliza pia ni nani anayelipia chakula na usafiri, kwa maana hayo yakiachwa bila kusemwa huleta maudhi baadaye. Na kabla ya kuondoka, chagua mahali pamoja karibu na nyumbani, penye kisima au mti, upapime kwa kamba na daftari kila Jumamosi hadi siku ya safari, kisha umwachie ndugu yako mdogo au huyo mjomba daftari hilo aendelee nalo mpaka utakaporudi.